Piano ya Pili

Nyumbani kwetu niliitwa Okestra. Jina nilikuwa nalo, tena zuri, la bibi mzaa baba, lakini liliishia kwenye vyeti vya shule. Baba akitaka tufanye mazoezi alisimama mlangoni mwa sebule na kupaza sauti, "Okestra! Njoo, dada yako anakungoja." Uongo mtupu. Dada yangu hajawahi kumngoja mtu tangu atoke tumboni. Aliyekuwa akingoja ni mimi, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii mpaka nikaota mvi.

Nieleze mapema, maana sina subira ya kueleza mara mbili. Koncheto ya piano ni kipande kirefu ambacho mtu mmoja hupiga piano na okestra nzima humjibu. Sasa mtu anayejifunza koncheto nyumbani hana okestra sebuleni. Hutafutwa mtu wa pili, akakaa kwenye piano ya pili, akapiga sehemu zote za okestra, fidla, filimbi na matarumbeta, zikiwa zimebanwa kwenye mikono yake miwili kama nguo za safari kwenye begi dogo. Mtu huyo hapigiwi makofi. Siku ya onyesho okestra ya kweli inakuja, na yeye anakwenda kukaa viti vya nyuma, amemshikia mwenzake mkoba.

Mkoba wa dada naujua vizuri. Una zipu mbili na leso ya akiba.

Baba alikuwa fundi wa piano. Alipata mbili mbovu kwa watu waliokuwa wakihama, akazishughulikia jioni baada ya jioni, akaziweka sebuleni zikitazamana. Ya dirishani, yenye sauti tamu, ikawa ya dada. Ya upande wa mlango wa jikoni ikawa yangu, na ilikuwa na kitufe kimoja kinachonasa, cha noti ya fa ya katikati. Ukikibonyeza kinabaki chini, hakirudi mpaka ukiinue kwa ukucha. Nilimwambia baba. Baba, ambaye watu walimfuata kutoka mbali aje kuzisikiliza piano zao kama daktari, akaniambia, "Aa, hiyo ni ya okestra tu. Nani atasikia?" Nikajifunza kupiga huku nakiinua kitufe kwa kidole cha mwisho bila kusimama. Baba akafa, kitufe kikaendelea kunasa.

Siku hizi mimi ni fundi miwani. Duka langu ni chumba kimoja chenye kaunta ya kioo mbele na mashine ya kusagia lenzi nyuma ya pazia. Kwangu sina piano, ngazi ni nyembamba na mlango haupitishi hata kabati. Nikitaka kupiga naenda kwa mama baada ya kufunga duka. Dada yeye ni mwalimu mkuu wa shule yenye kwaya inayosifiwa kila mahali, na anayeipigia piano kwaya hiyo ni nani? Usiniulize. Kila mashindano yakifika nafunga duka, nakaa pembeni ya jukwaa nawapigia watoto, narudi kazini. Kombe liko ofisini kwa dada.

Mjini tuna okestra ya watu wa kawaida: makarani, wauguzi, seremala mmoja anayepiga selo, ile fidla kubwa, kama anaranda mbao. Anayeiongoza ni mfamasia. Kila mwaka wana onyesho moja kubwa lenye koncheto, na anayekaa kwenye piano ni dada. Watu wamemzoea kama wanavyoizoea saa ya ukutani. Mwaka huu akasema majukumu ya ofisi yamemzidi, apumzike kidogo. Nadhani alitaka abembelezwe. Mfamasia hakubembeleza. Alikuja dukani kwangu na miwani iliyolegea mguu.

"Okestra," alisema, mimi nikiwa nakaza skrubu, "mwaka huu kaa wewe."

"Nikae wapi?"

"Kwenye piano. Piga koncheto na sisi."

Bisibisi iliniponyoka. Nilifurahi, kwa nini nidanganye, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Halafu mwenzangu akaendelea.

"Chagua tu kitu unachokiweza. Kifupi, chepesi. Watu hawaji kukulinganisha na dada yako, wanakuja kupata raha."

Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimvalisha miwani yake, nikaikaza kidogo zaidi ya inavyotakiwa, akaondoka anajikuna nyuma ya sikio.

Jumapili tulikutana kwa mama kama kawaida. Dada alifika na shemeji na vitabu vitatu vya muziki. Vyombo vilipoondolewa mezani akavitandaza mbele yangu kama muuza nguo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nimekuchagulia," alisema. "Hiki ni cha wanafunzi, noti chache, kinapendeza. Hiki ni kifupi, ukikosea hakuna atakayejua. Na hiki mimi nilikipiga nikiwa bado mtoto, kwa hiyo wewe utakiweza."

"Hicho cha tatu kizuri," alisema shemeji, ambaye hajui hata piano inafunguliwa upande gani.

"Chukua hicho, mwanangu," mama akasema. "Usijipe presha bure."

Nilivitazama vile vitabu. Kila kimoja kilikuwa na alama za penseli za dada, kubwa, zenye kujiamini. Nyongo ilinipanda. Niliinuka, nikaenda kwenye kabati la baba, nikatoa kitabu kinene ambacho jalada lake mama alilishona kwa uzi. Nyumbani tulikiita Ile Kubwa. Ndiyo koncheto iliyompa dada jina mjini. Okestra inaanza peke yake, kwa muda mrefu, inapanda na kuzidi kupanda, halafu inakatika ghafla, na piano inaingia kwa mikono yote miwili kutoka chini kabisa mpaka juu. Siku dada alipoipiga watu walisimama vitini. Na mimi nilisimama, na mkoba.

Nikakiweka juu ya vile vitatu.

"Hii," nikasema.

Dada alicheka. Alipoona sicheki, akaacha.

"Hiyo ni yangu."

"Imeandikwa jina lako?"

"Unajua nilihangaika kiasi gani na kitu hicho?"

"Najua, nilikuwepo. Kila siku uliyoipiga wewe, na mimi niliipiga. Ukikosea nasimama, nakungoja, tunarudi nyuma. Naijua kuliko wewe."

"Unaijua okestra yake," dada akasema, kwa ile sauti anayotumia na wazazi wa wanafunzi. "Si kitu kimoja, mdogo wangu. Utaanza kwa mbwembwe halafu utuachie aibu. Ngoma ya kitoto haikeshi."

Ngoma ya kitoto! Mimi, mtu mzima, mwenye duka! Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Mama akaniambia niombe radhi, sikuomba. Shemeji akasogeza kikombe chake mbali na mkono wangu. Nilikitia kitabu kwenye begi nikatoka, na hasira ile ilinipandisha ngazi za kwangu bila kuhema.

Wapo watakaosema nilichagua kwa hasira tu, na kwamba hasira ni hasara. Sikatai. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo sikumwambia mtu. Katikati ya Ile Kubwa kuna mahali ambapo okestra inanyamaza kabisa na piano inabaki peke yake kwa kurasa kadhaa. Miaka yote, tukifika hapo, mimi sikuwa na kazi. Nilikuwa nainuka polepole nisimsumbue dada, naenda jikoni kunywa maji. Nilikisikia kipande kile nikiwa na kikombe mdomoni, mlango umerudishwa. Nilitaka kujua ni nini hasa kilichokuwa kikiendelea sebuleni wakati mimi nipo jikoni. Nilikitaka kwa mikono yangu mwenyewe.

Basi nikaanza. Kila jioni nilifunga duka, nikaenda kwa mama, nikakaa kwenye piano ya dirishani. Mama alihamishia kiti chake chumbani. Mikono yangu ni midogo, imezoea skrubu zisizoonekana, na Ile Kubwa imeandikwa na mtu aliyekuwa na viganja vya mbeba magunia. Mahali pengine ilibidi nirushe mkono kama ninayefukuza inzi. Ile sehemu ya jikoni ilinitoa machozi, si kwa utamu, kwa ugumu. Noti zimerundikana mpaka ukurasa umekuwa mweusi. Nilikuwa nikikosea napiga ngumi kwenye paja, nikikosea tena natukana, na mama chumbani anakohoa. Lakini ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Niliinama. Noti moja moja, ukurasa kwa ukurasa, ikaanza kukubali.

Kilichokosekana ni piano ya pili. Nilimpigia dada simu, kwa adabu zote, nikamwomba anipigie okestra japo mara moja.

"Mimi? Mimi sijui kupiga okestra, mdogo wangu," alisema. "Hiyo ni fani yako."

Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyepigwa kofi. Basi nikajifunza peke yangu, na peke yangu sikukosea pa kuingia hata siku moja. Nilikuwa narukia tu ukurasa wa kwanza wa piano na kuanza. Nikajiona nimeiva.

Mazoezi ya kwanza na okestra yalikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa maktaba, wenye viti vya kukunja na zulia linalonuka unyevu. Watu wa okestra walinisalimia vizuri. Muuguzi mmoja mwenye filimbi aliniambia, "Leo Okestra amekuja kupiga na okestra," wakacheka, nami nikacheka. Dada alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alisema amepita tu kunitia moyo. Mkoba wake alikuwa ameupakata mwenyewe.

Mfamasia akainua fimbo. Okestra ikaanza. Mungu wangu, ilikuwa tamu, mara mia kuliko mimi na kitufe changu. Fidla zikaingia, na hapo nikasikia piano. Nikashangaa nani anapiga piano. Nilitazama chini nikaona ni mikono yangu. Ilikuwa imeinuka yenyewe inapiga sehemu ya fidla, noti kwa noti, bila kukosea. Mtu mmoja akaguna. Niliivuta mikono nikaikalia.

Okestra ikapanda, ikazidi kupanda, ikakatika. Ukumbi ukawa kimya.

Na mimi nikangoja. Nilingoja vizuri sana, kama ninavyojua kungoja: mikono mapajani, shingo imeinama kidogo, macho yanatazama mbele yangu pale alipokuwa akikaa dada. Moyo wangu ulikuwa shwari kabisa. Sikuwa nimesahau noti hata moja. Nilikuwa nangoja mwenyewe, dada, aingie.

Mfamasia alibaki na fimbo juu. Seremala akainua kichwa kutoka kwenye selo yake. Halafu kutoka viti vya nyuma dada akaimba noti za kwanza za piano, taratibu, kwa sauti safi, kama unavyomkumbusha mtoto shairi la shule. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulirudia. Mara hii nikakurupuka nikaingia okestra haijamaliza. Tukarudia tena, nikachelewa, nikaingia kati ya noti kama mlevi anayetafuta mlango. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Mfamasia akavua miwani yake, ile niliyomkazia, akajifinya kati ya macho.

"Basi, tupumzike," alisema. "Jumamosi ijayo tujaribu kwa mara ya mwisho. Ikishindikana, turudi kwenye ile nyepesi. Au..." Akatazama nyuma.

"Kama hakuna jinsi," dada akasema, "mimi nipo. Ile Kubwa haijanitoka mikononi."

Majukumu ya ofisi yalikuwa yameisha ghafla. Nilikusanya vitabu vyangu bila kuaga mtu.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Nilisaga lenzi ya mteja upande usio wake. Mzee mmoja aliyekuja kulalamika kwamba miwani inamteleza nilimwambia labda ni pua yake iliyopungua, akaondoka na miwani na hasira, namwelewa. Niliwakasirikia wote: dada kwa kuimba, mfamasia kwa ile "au" yake, baba kwa kufa bila kutengeneza fa. Lakini zaidi ya wote niliikasirikia mikono hii. Ndugu ukimchukia unaweza kumhama. Mkono wako mwenyewe utauhamaje? Nilikuwa nimeilea mwenyewe, nimeifundisha kukaa kimya kila alipo dada, nayo ikawa na utii kuliko mbwa. Hasira yangu yote ya miaka yote, kumbe mikono haikuwa na habari nayo.

Nikiwa nyuma ya pazia, mashine imezimwa, nikajua la kufanya. Kupiga peke yangu hakungesaidia kitu. Na wala si mtu yeyote angefaa kwenye piano ya pili. Lazima awe yeye, kwa sababu ni yeye ninayemngoja. Nikampigia.

"Dada, kesho jioni uje kwa mama unipigie okestra."

"Nimeshakwambia mimi sijui..."

"Na kama huji, kwaya yako itafute mpigaji mwingine."

Mashindano yalikuwa karibu, na wale watoto hawajawahi kuimba wimbo hata mmoja bila mimi.

"Unanitisha?"

"Nakupa taarifa."

"Watoto wa watu wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea kitu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, dada. Mwalimu wao anajua methali nyingi, awafundishe na hiyo."

Akakata simu. Kesho yake alikuja.

Aliingia sebuleni na kwenda moja kwa moja dirishani, kwa miguu ya mtu anayekwenda kitandani kwake gizani. Nilikuwa nimeshakaa.

"Umekaa kwangu," alisema.

"Leo kwako ni pale."

Alinitazama, akaitazama piano ya upande wa jikoni, akatoa leso ya akiba kwenye mkoba akapangusa kiti. Akakaa. Magoti yake yakagonga chini ya ubao.

"Kiti hiki kifupi."

"Ndiyo."

Akafungua kitabu cha okestra, kilichojaa alama zangu ndogondogo za penseli. Akaanza. Dada yangu ni mpigaji, sitamnyima haki yake, lakini okestra ilimshinda. Alikuwa anapiga fidla kwa nguvu na kuzisahau tarumbeta, alikuwa anakimbia pale pa kutembea. Hakuwa amefika mbali akasimama.

"Hii noti inanasa!"

"Inanasa tangu tukiwa wadogo."

"Mbona hukuwahi kusema?"

Nilifungua mdomo, lakini sauti ilitoka jikoni.

"Alisema," mama akasema. "Alikuwa anasema kila siku."

Dada alikibonyeza kile kitufe tena, akakitazama kilivyobaki chini.

"Sasa unapigaje?"

"Unakiinua kwa ukucha. Anza tena."

Akaanza tena. Okestra ikapanda, kwa shida, kwa noti za kukosea, ikapanda mpaka juu, ikakatika. Kikaja kile kimya.

Mikono yangu ilikuwa mapajani.

Na piano ikaingia! Kwa mikono yote miwili, kutoka chini kabisa, kwa nguvu. Lakini ilikuwa inatoka upande wa jikoni. Dada alikuwa anapiga sehemu yangu, macho ameyafumba, amenyoosha mgongo kama yuko jukwaani. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, kwenye piano yake, ninamsikiliza. Tulikuwa tumebadilishana viti na hakuna kilichobadilika.

Nilipiga ngumi kwenye ubao wa piano mpaka sufuria jikoni likajibu.

"Toka hapo! Hiyo ni yangu!"

Dada akafumbua macho. Aliitazama mikono yake, akaitoa kwenye vitufe kama amegusa moto.

"Samahani," alisema. "Imekwenda yenyewe."

Neno hilo sikumbuki kulisikia kwake tangu nizaliwe, na lilinikuta nimekasirika kupita kiasi cha kulipokea.

"Na yangu imekaa yenyewe," nikasema. "Unaona mlivyonifanya? Unaona? Nimejifunza kitabu kizima, kila noti naijua, halafu ukikaa tu mbele yangu nageuka kuwa kiti! Nimechoka, dada. Nimechoka kukungoja. Nilianza kukungoja miguu yangu haifiki chini, na wewe hata siku moja hukuwahi kuinua macho kutazama nani anapiga huku mbele yako!"

"Sikujua kama inakuuma."

"Hukuuliza."

Nadhani angelia kama ningempa nafasi, na mimi sikutaka kumpa, maana akilia yeye, mimi ndiye ningeanza kubembeleza. Hiyo nayo naijua.

"Tutasameheana baadaye," nikamwambia. "Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Safari hii sikumtazama. Niliitazama mikono yangu, mmoja mmoja, kama unavyomtazama mwizi unayemfahamu. Okestra ikapanda. Nikaitoa mikono mapajani ikiwa bado inapanda, nikaiweka juu ya vitufe, nikaiacha hapo. Okestra ikakatika.

Nikaingia.

Na yeye akaingia. Tulikuwa tunapiga kitu kimoja, noti zilezile, piano mbili zikitazamana, kila mmoja kwa nguvu zake zote, na okestra haikuwepo kabisa. Nilimsikia mama akiita kutoka jikoni, "Mbona wote mnapiga kimoja?" Dada aliongeza nguvu. Nikaongeza. Vioo vya kabati la baba vilikuwa vinalia. Niliona paji la uso wake juu ya piano, linang'aa jasho, na nikajua kwamba hakukusudia, kwamba hakuwa na njia nyingine ya kupiga zaidi ya kuwa mbele, kama mimi nisivyokuwa na njia nyingine zaidi ya kungoja. Nilijua, na sikupunguza mwendo.

Ndipo alipofika kwenye fa. Ilinasa. Mkono wake ukarudi kuitafuta ikiwa bado iko chini, vidole vikakosa pa kukanyaga, vikajikwaa, akapotea.

Miaka yote dada alipojikwaa nilisimama. Alikuwa hana haja ya kusema. Nilisimama, nikaweka mikono mapajani, nikangoja apate mahali pake. Nikasikia mikono yangu ikianza kusimama.

Nikaikatalia. Nikaendelea.

"Ngoja kwanza," dada akasema.

Nikaendelea. Nikafungua ukurasa kwa mkono wa kushoto, wa kulia unapiga.

"Nimepotea! Ningoje, basi!"

"Hesabu," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nahesabu."

Nilimsikia akipekua kurasa zangu, akinung'unika namba chini ya pumzi, moja, mbili, tatu, nne. Niliifikia sehemu iliyoushinda mkono wangu siku nyingi, nikaipita. Nikakosea noti mbili, nikaziacha nyuma.

"Na Jumamosi," nikasema bila kuinua macho, "utakaa nyuma na mkoba wangu."

Upande wa jikoni tarumbeta zikaingia, kwa woga, zimechelewa kidogo lakini mahali pake. Fa ikanasa tena. Nikasikia ukucha wake ukikwaruza ubao, unakitafuta kitufe, unakiinua, na okestra ikanifuata.